Mahali Pasipo na Spika

Weka spika mbili zinazofanana mbele yako, moja kushoto, nyingine kulia, nawe uketi umbali ulio sawa kutoka kila moja. Zipe sauti moja ya mtu anayezungumza, kwa nguvu ileile. Sasa fumba macho uonyeshe kwa kidole mtu huyo yuko wapi. Hutaonyesha kushoto wala kulia. Utaonyesha katikati, juu ya kabati la televisheni, ukutani palipoangikwa kalenda, mahali pasipo na spika wala waya. Ukimketisha mwingine hapo ulipoketi, naye ataonyesha palepale.

Nilifundisha fizikia katika shule za sekondari za Bungoma na Trans Nzoia hadi nikastaafu, na jambo hili nililifundisha kwa chaki ubaoni. Kuishi nalo nyumbani ni kitu kingine. Desemba iliyopita mdogo wangu wa Kitale aliuza mahindi yake, akanunua seti ya spika tano na woofa ya kuweka sebuleni, kwa sababu mama yetu alikuwa anakuja kukaa naye wakati wa sikukuu na alitaka jamaa yote itazame pamoja. Akanipigia simu. "Dada, njoo utupangie. Wewe ndiye mwalimu wa mambo haya." Nikaenda na tepu ya kupimia. Tangu hapo swali moja halijaniacha, wala si la fizikia: ile sauti ya katikati, ipo au haipo? Nauliza kwa sababu nimelelewa katika kanisa linaloamini kwamba watu wakikutana, kuna Mmoja aliye katikati yao ambaye hana kiti wala mimbari.

Jinsi inavyotokea si siri. Sauti inayotoka kushoto hulifikia sikio la kushoto kwanza, kisha la kulia, na pengo la wakati kati ya masikio hayo halifiki hata elfu moja ya sekunde. Ubongo hulisoma pengo hilo, pamoja na tofauti ya nguvu, ukajua upande. Spika mbili zikisema kitu kimoja kwa wakati mmoja, masikio yote mawili hupokea sawa, na kwa akili ya mwanadamu kinachopokewa sawa kiko mbele, katikati. Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein, wa kampuni ya EMI, aliwasilisha ombi la hataza ya kunasa na kutoa sauti kwa njia hii Desemba 1931. Husimuliwa kwamba alikuwa sinemani na mwanamke aliyekuja kuwa mkewe, akakerwa kumwona mwigizaji akivuka kutoka upande mmoja wa pazia hadi mwingine, huku sauti yake imebaki kwenye spika moja. Alikufa mwaka 1942, akiwa na umri wa miaka 38, ndege aliyokuwa akifanyia majaribio ya rada ilipoanguka. Alitaka sauti imfuate mwenyewe. Naiona kuwa tamaa njema kabisa.

Wanafunzi wangu walikuwa na jibu la haraka: masikio yamedanganywa. Silikubali. Ndoto yangu si ndoto yako, lakini sauti hii tunaisikia sote tulioketi vizuri, na ina sheria. Sogeza spika moja kwa upana wa kiganja, nayo inasogea. Punguza nguvu ya upande mmoja, nayo inahama. Ni kweli kwamba ukiinuka ukaenda kupapasa pale ukutani hutagusa kitu. Ni kweli pia kwamba imefungwa na masharti: lazima awepo msikilizaji, awe na masikio mawili, aketi mahali pake. Masharti hayaondoi kuwapo. Urafiki una masharti, ahadi ina masharti. Vyote viwili viko kati ya watu, wala huvipati kwa mmoja wao ukimpekua peke yake. Nasema sauti ya katikati ipo, na ipo kwa namna hiyo.

Kanisa langu ni la Marafiki, ambalo wengi hulijua kwa jina la Quaker. Liliingia magharibi mwa Kenya mwaka 1902, vijana watatu Wamarekani walipofika Kaimosi; baadaye likafika Lugulu, upande wetu wa Bungoma, ambako wazazi wangu walipokelewa kuwa washiriki. Sisi hatubatizi kwa maji. Marafiki wa kwanza wa Uingereza, siku za George Fox katika karne ya 17, waliketi kimya bila mchungaji, wakingoja. Waliotuletea imani Kaimosi walitoka kwa Marafiki wa Marekani waliokwisha kuwa na wachungaji na nyimbo, kwa hiyo ibada zetu za Kitale na Bungoma zina kwaya, kinanda na mahubiri marefu. Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko zote duniani, na wengi wetu ni watu wa sauti. Ahadi hata hivyo ni moja kwetu na kwa wale wa kimya: ile ya Mathayo sura ya 18, kuhusu wawili au watatu.

Aya hiyo hutajwa kila mvua inapowazuia watu na mabenchi yakabaki matupu, ili tufarijike kwamba uchache si hoja. Isome sura yote. Kinachotangulia ni habari ya ndugu aliyekukosea: nenda ukaseme naye mkiwa wawili tu, akikataa urudi na mashahidi, akikataa tena ndipo kanisa lijue. Halafu inakuja habari ya wawili kuwa na neno moja katika wanaloliomba. Ahadi ya Yule aliye katikati inafuata baada ya hayo yote. Haihesabu vichwa. Inauliza kama hao wawili wamepatana.

Hilo nililisikia kwa masikio yangu pale sebuleni. Nilipofika spika mbili za mbele, ya kushoto na ya kulia, zilikuwa zimekwisha kuunganishwa na zote mbili zinalia, lakini kuna kitu hakikukaa sawa. Mtangazaji wa habari alisikika kama yuko kila mahali na hayupo popote, na sauti nene ilikuwa imekonda. Kila spika ina matundu mawili nyuma yake, jekundu na jeusi, na kwenye spika ya kulia waya zilikuwa zimebadilishana. Spika ya kushoto ikisukuma hewa mbele, ya kulia inaivuta nyuma. Ukisimama mbele ya kila moja peke yake hupati kasoro: ina nguvu, ni safi, kila neno linasikika. Zikiwa pamoja, moja inafuta kazi ya nyingine, na yule wa katikati anatoweka. Nikazima mtambo, nikageuza waya, nikawasha. Mtangazaji akarudi juu ya kabati, ana mdomo na ana pa kusimama.

Nina ndugu wawili wa kiume. Mkubwa yuko nyumbani karibu na Lugulu, kwenye shamba la baba. Mdogo ndiye huyu wa Kitale. Tangu baba afariki hawajapatana juu ya mpaka. Kila mmoja peke yake ni mtu mwema: mmoja humlisha mama, mwingine humlipia hospitali, na wote wawili ni wazee wa kanisa. Wakiketi pamoja mbele ya mama, kila mmoja akisema maneno ya haki, mama hapati hata moja la kumwongoza. Kanisa letu nalo limepitia hayo. Mkutano wa Mwaka wa Afrika Mashariki, chombo cha kutuongoza kilichoanzishwa mwaka 1946, ulipasuka 1973, upande wa Elgon ukaunda chombo chake, na migawanyiko mingine ikafuata. Sitaki kuamua hapa nani alikuwa na haki. Nasema tu kwamba haki ya kila upande, hata iwe kamili, haimleti Yule wa katikati. Nimewaambia ndugu zangu hivyo, kila mmoja kwa wakati wake, na wote wawili walikubali kwamba ni kweli kuhusu mwenzake.

Kisha likaja suala la viti. Kanuni ni kwamba spika mbili za mbele na msikilizaji wafanye pembetatu yenye pande zilizo sawa. Katika sebule ya mdogo wangu pembetatu hiyo inaangukia kiti kimoja tu, cha baba wa nyumba, chenye kitambaa alichokifuma mkewe. Hapo sauti ya katikati ni kamilifu. Ukihamia kochi la kushoto, spika ya kushoto iko karibu nawe zaidi, sauti yake inawahi, na sikio humwamini anayewahi. Helmut Haas alilichunguza jambo hilo kule Göttingen, akaliandika katika tasnifu yake ya 1949. Aliyeketi kushoto husikia kila kitu kikitoka kushoto, ijapokuwa ile ya kulia inalia vilevile. Na sebule ile haina mtu mmoja. Watoto wamejazana kwenye mkeka upande wa dirisha. Mke wa ndugu yangu anaingia na kutoka jikoni. Mama alichagua kiti cha karibu na mlango, kwa sababu anataka kuona nani anaingia uani, na sikio lake la kulia lilikufa zamani.

Mwenye sikio moja hana sauti ya katikati. Hakuna pengo la kupima, hakuna sikio la pili la kulinganisha. Ile ajabu niliyoieleza mwanzo haimtokei mama hata tukimketisha kwenye kiti cha baba wa nyumba. Hapo ndipo swali langu lilipoacha kuwa la darasani. Ikiwa Yupo katikati yetu, na wanaotambua kwamba Yupo ni wale walioketi vizuri, wenye masikio mawili, waliosoma, wanaozijua nyimbo, wenye nafasi ya kunyamaza, je, huyu wa mlangoni amebakiwa na nini? Tumwambie aamini kwa kuwa sisi tunasikia?

Wahandisi walilikabili swali hilo mapema. Aprili 1933 Harvey Fletcher na wenzake wa maabara za Bell, Marekani, walisafirisha muziki wa okestra iliyokuwa ikipiga Philadelphia hadi Constitution Hall mjini Washington kwa nyaya za simu, wakautoa kwa spika tatu: kushoto, katikati, kulia. Ukumbi mkubwa una viti vya pembeni, na wa pembeni nao wamekuja kusikiliza. Spika mbili humtosha aliyeketi kwenye mstari wa kati. Ya tatu huishikilia ile katikati kwa ajili ya wengine wote. Sinema zilifuata njia hiyo, na hadi leo maneno ya waigizaji hutolewa hasa na spika ya katikati.

Mdogo wangu alikuwa ameiacha spika hiyo kwenye boksi. "Dada, ya nini tena hii? Sauti si inatoka katikati tayari?" Kwake yeye ilikuwa inatoka. Nikamwambia akaketi kwenye kiti cha mama, azibe sikio la kulia kwa kidole. Akaketi kidogo, akainuka, akaenda kulifungua boksi mwenyewe.

Hili ndilo ninalolishikilia. Wapo Marafiki, baadhi yao wapendwa wangu waliosoma sana, wanaoona kwamba mchungaji, kwaya, mimbari na kamati ni vitu vilivyoongezwa tu, na kwamba imani safi ni kimya na Yule asiyeonekana. Nakipenda kimya hicho. Nimekaa ndani yake nikapata nisiyoweza kuyasimulia. Ila aliyepata kiti kile hana ruhusa ya kuiacha spika ya tatu kwenye boksi. Yule wa katikati kuwapo bila mwili hakutuondolei sisi wajibu wa kuweka mwili pale katikati: mtu wa kumshika mama mkono, mchungaji wa kumtembelea, wimbo alioujua tangu utotoni, sahani ya chakula. Injili ya Yohana inaanza na Neno, na haifiki mbali kabla Neno hilo halijavaa mwili. Ni kweli kwamba spika ya katikati humpunguzia kidogo yule wa kiti kizuri. Kwake sauti haielei tena hewani; imefungwa kwenye kisanduku, anaweza kukigusa. Hiyo ndiyo gharama, na nadhani ni haki ailipe yeye.

Wabukusu, watu wangu, walilijua jambo hili bila waya. Mzee wa heshima akifariki, siku chache baada ya maziko huitwa omuswala kumuse, mnenaji anayetoka katika koo zenye kazi hiyo, awafariji waliobaki na kuwakumbusha namna ya kuishi. Watu huketi kimya. Yeye hasimami mahali pamoja. Anakwenda na kurudi mbele yao, fimbo mkononi, akinena, na hakuna ruhusa ya kumkatiza wala kuinuka ovyo. Kwenye kumuse ya babu yangu nilikuwa msichana mkubwa, nimeketi nyuma kabisa na wanawake. Nimesikia watu wakisema kwamba kutembea kule ni adhama ya mnenaji. Sisi wa nyuma tulilijua jambo jingine: kila alipogeuka akaja upande wetu, maneno yalikuwa yetu, na ubora wa kuketi mbele ukaisha. Alikuwa anaibeba ile katikati kwa miguu yake, akiigawa.

Kuhusu woofa sina mengi. Sauti nene, za chini ya Hz 80 hivi, sikio haliwezi kuzionyesha zitokako. Wimbi la Hz 40 lina urefu wa takriban mita 8 na nusu. Linapita mlango na ukuta, linatikisa mabati ya jirani ambaye hakuchagua kuketi popote. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zimeweka kiwango cha desibeli 35 usiku kwenye makazi ya watu, na usiku huo kisheria huanza saa mbili. Tuliiondoa woofa kwenye kona, maana kona huikuza, tukaisogeza mbali na ukuta wa jirani na kuipunguza. Laiti makanisa yanayokesha yangefanya vivyo hivyo. Jirani anayelazwa macho na sifa za Mungu hajahubiriwa, amenyang'anywa usingizi.

Jioni ya Krismasi tuliweka filamu ya Yesu, ile ya 1979 iliyotiwa sauti katika lugha zaidi ya elfu moja; yetu ilikuwa ya Kiswahili. Spika ya katikati nilikuwa nimeigeuza kidogo imwelekee mama. Alisikia vizuri kuliko anavyoisikia redio yake ya Sulwe FM, na alisema hivyo. Kiswahili kilipoenda kasi bado aliuliza, "Amesema nini?" Mjukuu wake mdogo wa kike akaondoka kwenye mkeka, akaja kukaa upande wa sikio zima, akawa anamrudishia maneno ya Yesu kwa Kibukusu, kwa kifupi, kama alivyoyaelewa yeye. "Kukhu, anawaambia wasiogope." "Kukhu, anamwambia ainuke aende nyumbani." Kaka mkubwa alikuwa amekuja kutoka Lugulu kwa ajili ya mama, ameketi kochi la kushoto, mdogo yuko kwenye kiti chake. Hawakusemezana filamu nzima. Mtoto alipokuwa akizungumza, mdogo alichukua rimoti akapunguza sauti, na kaka mkubwa akamwambia, "Ndiyo, ipunguze." Ndiyo maneno waliyopeana jioni ile, na mimi nimeyaweka.

Sasa nimelipeleka jambo hili kwa kamati ya kanisa letu. Tuna spika mbili kubwa, kila upande wa mimbari, na akina mama wazee huketi nyuma karibu na mlango, kwa sababu kama za mama yangu. Vijana huongeza sauti ili wa nyuma wasikie. Wa mbele wanaumia, na wa nyuma wanapata mngurumo. Nimependekeza spika moja ndogo, iwekwe karibu na mabenchi ya nyuma, kwa sauti ya chini.

Kuna jambo moja la kuangalia. Sauti husafiri hewani mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kutoka mbele hadi nyuma, mita 12, inachukua sehemu 35 za elfu za sekunde. Kwenye waya inafika papo hapo. Tukiiacha hivyo, spika ya nyuma itawahi, masikio yataiamini, na mchungaji atasikika kama anahubiri kutoka mlangoni. Inabidi spika ndogo icheleweshwe kupita kiasi hicho kidogo tu, ili sauti ya mbele itangulie na yake ifuate. Haas alionyesha kwamba hapo sikio litaendelea kuonyesha mbele hata kama ile iliyochelewa ina nguvu zaidi. Bibi wa benchi la mwisho atalipata kila neno, na atasema mchungaji siku hizi anazungumza vizuri. Sijui chombo kingine kinachofanya kazi ya Yohana Mbatizaji, ya kumwonyesha mwingine, kwa uaminifu kiasi hicho.

Mweka hazina ameuliza bei. Kijana anayeshughulikia mitambo anasema mikisa yetu inaweza kuchelewesha sauti, kwa hiyo kinachotakiwa ni spika moja, waya, na mtu wa kupanda darini. Mzee mmoja ameuliza kwa nini wasihamie mbele tu. Kikao ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, na nimeomba tukifanyie kanisani, mwenyekiti akizungumza kutoka mimbarini na wanakamati wote wakiwa kwenye mabenchi ya nyuma.